Behewa la Wifi

Hakuna aliyewahi kumsikia Mama Kucha akimsema mtu. Hilo ndilo lililomletea wateja kuliko hata ufundi wake, na ufundi wake haukuwa haba. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya seremala, kwenye jengo la maduka ambalo ngazi zake zilikuwa na harufu mbili: ya asetoni ikishuka, na ya gundi ya mbao ikipanda.

Kazi ya kucha ni kazi ya masikio. Mtu akishakukabidhi mikono yote miwili amebakiwa na mdomo tu, na mdomo usio na mikono ya kuuziba husema mpaka ya chumbani. Mama Kucha alipokea yote. Aliitikia “ehee,” “kumbe,” na ikizidi sana, “makubwa!” Kisha akapuliza kucha zikakauka, akamsindikiza mteja mlangoni, na neno halikumfuata mteja hata hatua moja. Watu walisema yule mama ni kaburi.

Lakini kaburi nalo hujaa. Na huyu mama, kwa nje mtulivu kama maji ya mtungini, ndani alikuwa na utundu ambao haukuwa umepata pa kutokea kwa miaka ishirini na minne ya ndoa.

Pa kutokea palipatikana siku jirani yake wa mlango wa pili, muuza mitumba, alipofungua robota la vitu vya watoto. Chini kabisa, chini ya midoli isiyo na macho, alikuta bati la biskuti limefungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni cha kuchezea kisichozidi urefu wa kipochi cha miwani, mabehewa tisa ya mizigo, na reli zilizopinda.

“Takataka,” alisema muuza mitumba. “Watoto wa siku hizi wanataka kitu cha kupiga kelele. Hiki hata hakitembei.”

Mama Kucha alichukua behewa moja, akaligeuza. Lilikosa gurudumu na ndoano ya kuungia, lakini ubavuni lilikuwa na ngazi nyembamba kama uzi, na vichwa vya misumari vilivyochomoza safu kwa safu, kila kimoja kidogo kuliko mbegu ya ufuta. Kuna mtu, mahali fulani, alikuwa amejali kiasi kile.

“Nipe,” alisema. “Mkeo na binti yako nitawapaka kucha za harusi, mikono na miguu.”

Muuza mitumba alimtazama kama anayetazama mtu anayenunua mvua. Biashara ikaisha.

Kosa la kwanza alilifanya siku hiyo hiyo. Alitaka kuondoa rangi ya zamani iliyobanduka, akaona asetoni si iko hapo, ndiyo inayoondoa rangi kila siku. Akachovya behewa. Alipolitoa, paa lilikuwa limelainika likaning’inia kama kofia iliyokaliwa. Plastiki na asetoni ni kama paka na maji, ila hapa paka ndiye aliyeyeyuka.

Mumewe, fundi wa makufuli, mtu mpole mwenye macho mabovu, alikuja kumchukua saa za kufunga, akamkuta amelishika lile behewa lililoharibika kama mtu aliyefiwa.

“Polepole, mke wangu,” alisema. Neno hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Nyumba ingewaka moto, angesema polepole.

Basi akaenda polepole. Alijifunza kwamba spiriti ya kusafishia vidonda huondoa rangi bila kuyeyusha plastiki, mradi uwe na subira ya kuloweka na kusugua kwa mswaki. Kichwa cha treni alikifungua skrubu moja moja, akazipanga kwenye kifuniko cha losheni. Ndani alikuta grisi iliyoganda ikawa nta, na nywele na nyuzi za zulia zimejizungusha kwenye ekseli. Nywele alizijua. Akazinyofoa kwa kibanio cha nyusi. Shaba ya mota ilikuwa imeshika weusi. Akaisugua kwa pamba ya masikio iliyoloa spiriti hadi ikang’aa, kisha akadondosha mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano, tone moja, maana matone mawili ni mafuriko. Gia moja ilikuwa na ufa. Mumewe, anayepokea makufuli na vikorokoro vya kila namna, aliipata nyingine kwenye mashine mbovu ya kunyolea. Haikuenea. Akaipiga tupa jioni tatu, ikaenea.

Walipounganisha umeme, kile kichwa kilikohoa, kikanusa reli, kikaondoka. Wote wawili walikikimbilia kabla hakijaanguka kutoka kwenye meza, wakagongana vichwa.

Yaliyobaki yalikuwa kazi ya urembo, na urembo ni wake. Ndoano alizikunja kwa vibanio vya karatasi. Vishikio vya mkono alivitengeneza kwa nyaya za simu ya zamani. Behewa la makaa alilijaza makaa ya kweli yaliyopondwa. Kisha akayachakaza, maana hakuna behewa la mizigo duniani linalong’aa. Kutu aliitoa kwenye poda ya uso na rangi ya kope ya kahawia, masizi kwenye wanja uliosagwa, na juu akanyunyiza spirei ya nywele ili visitoke. Behewa moja la mbao lilimchukua wiki tatu. Ukilitazama ungeapa limelala uwanjani miaka thelathini, mvua ikilinyea, kuku wakitagia ndani.

Hapo ndipo anapoingia wifi.

Wifi huyu alikuwa dada mkubwa wa mume, matroni mstaafu wa mabweni ya shule, aliyezoea kukagua vitanda mia mbili kabla ya chai. Kila Jumatano na kila Jumamosi alipanda ngazi kuja kumsalimia mke wa mdogo wake, na salamu yake ilianza kwa kupitisha kidole juu ya rafu. Mpangaji mmoja wa jengo lile aliwahi kusema kwamba wifi wa Mama Kucha ni kama ile wifi ya simu: ukishakaa karibu tu, umeunganishwa, na hakuna nywila ya kumzuia.

Jumatano moja Mama Kucha alishuka kwa seremala kuulizia kabati lake, lile aliloagiza mwaka juzi. Seremala akamwambia kesho. Aliporudi juu alimkuta wifi amekunja mikono ya gauni mbele ya beseni la kuoshea miguu, mapovu hadi viwikoni.

“Wifi yangu, nimekusaidia,” alisema kwa furaha. “Hivi vigari vyako vilikuwa na kutu! Nimesugua mpaka kucha ikakatika. Tazama.”

Behewa la mbao lilikuwa limekaa juu ya taulo, safi, jipya, linang’aa kama jino la mtoto. Wiki tatu zilikuwa zinaelea kwenye beseni.

Mama Kucha alivuta kiti. “Ahsante sana, wifi,” alisema. “Kaa nikutengeneze hiyo kucha.”

Akaitengeneza, akapuliza, akamsindikiza mlangoni. Kisha akakaa chini ya taa yake ya kazi, ile yenye kioo cha kukuzia, akachukua brashi akaipunguza kwa wembe mpaka zikabaki nywele tatu. Mabehewa ya kweli huandikwa ubavuni: uzito, mzigo, tarehe ya ukaguzi. Naye akaliandika lile behewa lililosafishwa, kwa rangi nyeupe ya kucha iliyozimuliwa, kwa herufi ambazo jicho tupu lingeziona kama mstari wa vumbi:

SHEHENA: MANENO YA WIFI. TANI 10. YASITIKISWE.

Alicheka peke yake hadi akalazimika kuweka brashi chini. Hakuwahi kulala vizuri kama siku ile.

Baada ya hapo hakushikika. Siri za wateja hakuzigusa, hizo zilibaki kaburini. Aliandika yale ambayo jengo zima liliyajua na hakuna aliyethubutu kuyasema. Behewa lenye milango lilibeba “AHADI ZA SEREMALA. KUWASILI: KESHO.” La muuza mitumba likasomeka “MPYA KABISA. LIMEVALIWA MARA MOJA TU.” Behewa tambarare lisilo na kitu alimpa mwenye jengo, ambaye kwa miaka mitano alikuwa akiwaonyesha wapangaji kipande cha ua: “MAHALI PA CHOO KIPYA.” Na mwisho wa treni, lile behewa dogo la breki lenye kibaraza, akaliandika “POLEPOLE.” Mumewe alilishika, akalileta karibu na pua, akasema, “Herufi nzuri kweli,” akalirudisha relini bila kusoma hata moja.

Treni ikawa inazunguka meza ya saluni, na wateja wakakaa kuitazama kucha zikikauka. Mmoja wao alikuwa mkutubi wa maktaba ya mji, mwanamke mwenye furaha nyingi na mipango mingi zaidi.

“Mama Kucha, hii haiwezi kukaa humu,” alisema. “Mwisho wa mwezi tuna siku ya wazi. Ulete. Nitakuwekea meza katikati ya ukumbi.”

Mama Kucha alipiga hesabu ya haraka. Ukumbi mkubwa, watu wengi, treni inatembea, herufi ndogo kuliko ufuta. Nani atasoma? Akajitia hamnazo, akakubali.

Siku ilipofika, nusu ya jengo walikuwa pale. Seremala alivaa koti. Muuza mitumba alimwambia kila aliyeingia kwamba yeye ndiye aliyekivumbua kile kipaji. Wifi alikaa mstari wa mbele kwa gauni la shughuli, akiwaeleza waliokaa kulia na kushoto, “Vilikuwa na kutu hivi. Mimi ndiye niliyevisafisha.” Treni ilizunguka kwenye kitambaa cha kijani bila kukwama, mumewe akisimamia umeme, na watu wakapiga makofi. Mama Kucha alianza kupumua.

Ndipo mkutubi alipopiga viganja viwili. “Sasa nina jambo la kumshangaza hata fundi mwenyewe! Maktaba imepata mashine ya kuwasaidia wasioona vizuri. Unaweka ukurasa hapa chini, unatokea kule ukutani, herufi moja ukubwa wa sahani. Nikajiuliza, kazi nzuri kama hii, kwa nini watu wasiione kwa ukaribu?”

Mama Kucha alisogea haraka kati ya meza na ile mashine.

“Si lazima, mkutubi,” alisema. “Joto la taa litayeyusha rangi.”

“Taa yake haina joto kabisa!”

“Mabehewa yamechoka. Yamezunguka sana.”

“Tutayapumzisha hapa hapa,” alisema mkutubi, na akanyanyua la kwanza.

Kwa bahati lilikuwa la makaa, ambalo halikuwa na neno. Ukutani palitokea makaa makubwa kama mawe ya msingi, kutu iliyopasuka, ngazi yenye vidato vyote. Ukumbi ukaguna kwa mshangao. Mama Kucha alimpa mumewe ishara azime umeme. Mumewe akafikiri anapungiwa, akampungia.

La pili lilikuwa la seremala.

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele kama maji ya bomba lililopasuka. Mtu mmoja akapaza sauti, “Na kitanda changu kimo humo?” Mwingine, “Na meza ya mama mkwe!” Seremala aliusoma ukuta mara mbili, akajikuna kidevu, akasema, “Sasa huu ni uongo. Mimi sijawahi kusema kesho nikiwa sina nia.” Watu wakavunjika mbavu. La muuza mitumba lilipokuja, mkewe ndiye aliyecheka zaidi. Kwenye “MAHALI PA CHOO KIPYA” wapangaji walisimama wakashangilia kama timu imefunga goli.

Mama Kucha alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni alipoliona, mkononi mwa mkutubi, behewa safi kuliko yote.

Matroni mstaafu hawezi kuona maandishi asiyasome kwa sauti. “Hilo ndilo langu!” alisema wifi, akavaa miwani. “She-he-na,” akaanza, kwa ile sauti ya kuita majina bwenini. “Ma-ne-no… ya… wi-fi. Tani kumi. Yasi…”

Akanyamaza. Na ukumbi ukanyamaza naye, kwa sababu wote walimjua.

Kimya kilivunjwa na mtu ambaye hakuna aliyemtarajia. Fundi wa makufuli, ambaye tangu utotoni hakuwahi kucheka mbele ya dada yake bila ruhusa, alitoa sauti kama kufuli lililokwama likifunguka. Akajaribu kuizuia kwa leso, ikatokea puani. Akainama juu ya meza, mabega yakitikisika, na treni iliyobaki ikaanguka relini behewa moja baada ya jingine.

Wifi alivua miwani, akaikunja, akaiweka kwenye mkoba. Akasimama, akanyoosha gauni.

“Yasitikiswe?” alimuuliza Mama Kucha.

“Ndiyo, wifi,” alisema Mama Kucha kwa sauti ndogo.

“Haya. Basi tusiyatikise.” Akatoka, mgongo umenyooka kama rula, visigino vikihesabu sakafu.

Jumamosi hiyo hakuja. Jumatano hakuja. Mama Kucha alifuta rafu mwenyewe, na hakutokea mtu wa kupitisha kidole na kuguna. Saluni ilikuwa safi na haina ladha. Alimtuma mumewe kwenda kuomba radhi kwa niaba yake. Akarudi amechoka.

“Dada anasema nikwambie kwamba yeye hana la kusema.”

“Ndiyo hayo tu?”

“Alichukua saa nzima kuyasema.”

Mama Kucha akaguswa. Tani alizoziandika kwa mzaha alianza kuzikosa. Akachukua wembe akaenda kulikwangua lile behewa, akashindwa. Herufi zilikuwa zimetoka vizuri mno. Fundi yeyote atamwelewa.

Siku ya kumi na moja ngazi zililia. Wifi aliingia, hakupitisha kidole popote, akakaa kwenye kiti cha wateja na kumtazama mwenyeji wake akimalizia behewa la tangi, jeusi, mviringo, lililomchukua miezi miwili. Kila bomba lilikuwa mahali pake.

“Wifi,” alisema.

“Abee, wifi.”

“Nimehesabu. Mimi nina behewa. Seremala ana behewa. Mwenye jengo analo. Mume wako unampa la mwisho, na la breki. Lako wewe liko wapi?”

Mama Kucha aliyapitia mabehewa yote kwa macho, moja moja.

“Mkuki kwa nguruwe,” alisema wifi, “kwa binadamu mchungu. Lete brashi.”

“Wifi, hili la tangi bado halijakau…”

“Nimesema lete brashi.”

Alipewa ile ya nywele tatu, akaitazama kwa dharau, akaiweka kando na kuchukua ya kupakia rangi vidole vya miguu. Akavaa miwani. Ulimi ukatoka pembeni mwa mdomo. Aliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama maharagwe, zikipanda na kushuka, na nafasi ilipomwishia herufi ya mwisho ikaning’inia juu ya gurudumu:

HATARI. KIMYA. HULIPUKA.

Mama Kucha alitazama miezi yake miwili. Vidole vilimwasha kuchukua spiriti.

“Ukifuta,” alisema wifi akifunga chupa, “ninarudi na brashi ya ukuta.”

Basi ndipo kaburi lilipopasuka. Mama Kucha alicheka hadi akakaa sakafuni, na wifi, aliyekuja akiwa amekusudia kuikaza sura angalau hadi chai, akashindwa. Seremala aligonga dari yake kwa nyundo kuuliza kuna nini.

Walipotulia, wifi alilichukua behewa lake, akaligeuza. “Na hizi tani kumi, nani alizipima?”

“Nilikadiria tu, wifi.”

“Ulikadiria! Miaka thelathini na mmoja, mabweni manne, wasichana wasiosikia, na wewe unaniandikia tani kumi kama mtu aliyestaafu mapema? Weka arobaini.”

Akaweka arobaini. Kutu pia ikarudishwa, safari hii kwa ruhusa.

Habari za ule ukuta wa maktaba zilizagaa mji mzima. Mwezi uliofuata mifuko ya saruji ilishushwa uani, na mwenye jengo akapanda mwenyewe saluni kuuliza, kwa adabu, kama behewa tambarare linaweza sasa kupakiwa kitu kingine. Seremala aliacha kusema kesho; siku hizi anasema keshokutwa, na kabati linaendelea kuja. Muuza mitumba kila akifungua robota huchakura chini kabisa kwanza, na ameshaleta vichwa vitatu vilivyokufa na behewa la winchi lisilo na mkono, ambalo Mama Kucha analitafutia mkono hadi leo.

Wasumbufu zaidi ni wale ambao hawakuandikwa. Wanakuja na kucha fupi zisizohitaji rangi, wanakaa, wanazungukazunguka, kisha wanauliza. Wa mwisho alikuwa mlinzi wa jengo, mzee mwembamba anayefungua geti kila alfajiri na hajawahi kuchelewa wala kugombana na mtu. Alipanda kofia mkononi.

“Miaka saba nakaa hapo mlangoni, mama,” alisema. “Mnapita, mnanisalimia, mnacheka nami. Kumbe hata behewa sina?”

Mama Kucha aliona haya. Akavuta kiti, akatoa behewa la kijivu lisiloandikwa, ndoano zote mbili nzima, akachovya brashi.

“Haya, baba. Tabia yako mbaya ni ipi?”

Mlinzi akafikiri. Akatazama dari, akatazama viatu vyake, akahesabu kitu kwenye vidole akakiacha. Rangi ilianza kukauka kwenye zile nywele tatu.

“Mama,” alisema hatimaye, akiwa na wasiwasi wa kweli, “nipe wiki moja.”